Kichaka Kimoja Juu ya Rukanga

Kwa miaka sita nilingoja nyasi moja itoe maua. Watu wa Voi wakiniuliza kazi yangu, nilisema nachunguza ukoo wa nyasi na mianzi, nao wakaniuliza nina ng'ombe wangapi. Nilizoea.

Nyasi yenyewe ilikuwa kichaka kimoja tu, mlimani juu ya kijiji cha Rukanga, pale njia inapoingia msituni. Jani pana, shina gumu kama la mwanzi, lakini haikunifikia gotini. Je, ni ndugu wa mianzi, au nyasi tu yenye maringo? Majani niliyopeleka maabara mwanzoni yaliota ukungu njiani, hayakutoa jibu. Bila maua, hakuna mtaalamu aliyetaka kunisikiliza. Nilizunguka mlima mzima nikitafuta kichaka cha pili. Hakikuwepo.

Sikumwonyesha mtu. Niliogopa wataing'oa. Hata mama mjane niliyekuwa nikilala kwake kila nikipanda mlima, sikumwambia. Uchoyo mtupu, naukiri.

Mwaka huu nikakuta mashuke ya maua yanachungulia, bado machanga. Haraka haraka haina baraka, nikajiambia, nikashuka Voi kumngoja mwalimu wangu kutoka Nairobi. Nikampigia mama simu kwamba Jumamosi nakuja na mzee wa heshima.

Tulipofika alitupokea akiwa amejifunga leso kiunoni, uso umejaa furaha.

"Karibuni sana! Njia nimewafyekea mpaka juu msituni. Mzee wa watu atapitaje kwa majani na umande?"

Nilipanda mbio. Njia ilikuwa safi kama ua wa nyumba. Pale pa kichaka palikuwa na udongo mwekundu, umegeuzwa kwa jembe. Hata mizizi alikuwa ameing'oa na kuianika juani, isije ikafunga njia tena.

Nilirudi nikamwuliza majani aliyapeleka wapi.

"Nilimpa ng'ombe, mwanangu. Yale ya juu, yenye vishuke, aliyamaliza kwanza."

Mwalimu aliinama, akajifanya anafunga kamba za viatu. Mimi nilikuwa na hasira ya kupasua kifua, na wa kulaumiwa nilikuwa mimi mwenyewe.

"Asante sana, mama," nikasema.

Akatumiminia chai nzito, ya maziwa aliyokamua asubuhi hiyo. Nikanywa kikombe chote, na alipotaka kuniongeza, sikukataa.