Nilivyokwenda Ziwani Kuomba Nakala ya Hukumu

Nilikwenda ziwani kwa sababu ya shamba. Wapo wanaosema nilikwenda kutafuta mume mwingine, na wapo wanaosema nilifuata usipa, wale dagaa wa ziwani. Wote hao siku zile walikuwa nyumbani wanaota moto, aliyetembea ni mimi, kwa hiyo nasimulia mwenyewe.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Mume wangu Benedikti alikuwa amefariki, akaniachia watoto watatu na mteremko mmoja wa ngolo karibu na Mbuji, yale mashimo yetu ya kulimia milimani. Chini yake tulipanda kahawa. Ngolo zile nilizichimba kwa jembe langu msimu hata msimu, mgongo wangu unazijua moja moja. Matanga yalikuwa bado hayajapoa shemeji yangu Gaudensi, mtoto wa baba mdogo wa mume wangu, alipokwenda baraza la Mbinga kudai kwamba shamba ni la baba yake, sisi tuliazimwa tu. Nikasema huo ni uongo. Shauri lile liliamuliwa zamani, mwaka wa nzige, na sisi ndio tulioshinda.

"Hukumu iko wapi?" akaniuliza mzee wa baraza.

Sikuwa nayo. Mwaka ule wa nzige mzee aliyekaa barazani alikuwa mjomba wa upande wa pili, ndipo shauri likahamishiwa baraza moja la ziwani, na hukumu ikabaki huko ndani ya kitabu.

"Mwenye shauri hanyimwi nakala," mzee akaniambia. "Nenda ukaombe. Nakupa siku kumi. Ukirudi mikono mitupu, Gaudensi ataingia shambani."

Alfajiri ya siku ya pili yake niliwaacha watoto kwa mama yangu, nikafuatana na wanawake wawili wa kijiji cha mbali waliokuwa wakipeleka maharage ziwani kubadilisha na samaki. Walinipokea vizuri, wakanitwisha na kikapu kimoja ili nisionekane mvivu. Tulipanda na kushuka siku nzima. Tulilala kwa jamaa zao huko juu, na kesho yake tukaanza ule mteremko wa Mbaha ambao magoti yangu hayajausamehe mpaka leo.

Mchana, katikati ya mteremko, ziwa likaonekana. Sikuwa nimewahi kuliona. Nilisimama nikashindwa hata kutua kikapu. Wenzangu wakanicheka, wakaniambia nifunge mdomo nisije nikameza nzi.

Jioni tulifika Mbaha. Mwenyeji wetu, Mama Samweli, mama wa makamo mwenye sauti ya kuitia watu walio ng'ambo ya mto, alitupa ugali wa muhogo na usipa. Sisi wa mahindi ugali ule hutukwama kooni mara ya kwanza, lakini njaa haichagui. Nikamweleza shida yangu.

"Karani wa baraza lile namfahamu," akasema. "Si mtu mbaya, dada. Ila kitabu chake anakilinda utadhani yai. Wewe mtajie jina tu, atakutafutia."

Nikalala na moyo mweupe. Jina nilikuwa nalo.

Siku ya tatu nilitembea peke yangu nikifuata ufuko kuelekea Liuli. Joto la huko! Sisi wa milimani tumezoea kujifunika, kumbe ziwani mtu hujuta hata ngozi aliyovaa. Niliomba pa kulala karibu na misheni, wakanipa bila maswali mengi.

Siku ya nne asubuhi nikafika barazani. Ni nyumba ya matofali mabichi, imeezekwa nyasi, na mbele yake kuna kibaraza kilichojaa watu wanaosubiri. Karani alikuwa mtu mzima wa Kinyasa, amevaa shati jeupe, wino umemganda kidoleni. Mbele yake, mezani, kilikaa kitabu kikubwa chenye jalada jekundu. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, karani."

"Marahaba, mama. Una shida gani?"

"Naomba nakala ya hukumu yetu. Shauri la shamba, watu wa Mbuji."

"La mwaka gani?"

"Mwaka wa nzige."

"Shauri la nani?"

Nikamtaja mume wangu. Akashusha kidole ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho wa mwaka ule. Hakuna. Akarudia. Hakuna.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Siku ile ya shauri aliyesimama kusema alikuwa mume wangu, na mimi miaka yote nikajua shauri ni lake. Lakini baba yake alikuwa hai. Mzee akiwa hai, shamba huandikwa kwake.

"Basi huenda limeandikwa kwa baba yake," karani akasema. "Anaitwa nani?"

Kwetu mke hamtaji baba mkwe. Jina lile halijapata kutoka kinywani mwangu, na hata hapa sitalitaja. Nyumbani hakuna anayehangaika, kila mtu anajua ninayemsema. Pale nilikuwa mgeni, na hapakuwa na mtu wa kwetu wa kunitajia.

"Mama, jina."

"Ni baba mkwe wangu," nikasema.

Karani akafunga kitabu. "Ni kweli mwenye shauri hanyimwi nakala. Lakini nitajuaje kama wewe ndiye mwenye shauri, kama hata jina hulijui?"

"Nalijua."

"Basi litaje."

Machozi yalinijia kwa hasira. Niliona Gaudensi na jembe lake begani anaingia kwenye ngolo zangu. Nilifungua mdomo, nikajaribu kweli, na ulimi ukagoma. Nikajifuta uso nikasema, "Karani, wewe unajua kusoma. Nisomee majina ya mwaka ule. Likifika nitasimama."

"Kitabu cha Serikali hakisomwi hovyo mbele ya watu!"

Bibi mmoja aliyekaa mlangoni akadakia, "Wewe karani, mkeo anamtaja baba yako?"

Watu wakaangua kicheko. Karani akajaribu kukunja uso, ikashindikana.

"Anamwita Mwenye Boga," akakiri, na kicheko kikaanza upya. Akafungua kitabu. "Haya. Tulieni basi."

Akaanza kusoma. Kila jina na shauri lake: ng'ombe, mahari, mpaka, mtumbwi. Watu wa kibarazani wakaacha mazungumzo yao, wakasogea mpaka wakaziba mlango. Alipofika katikati, mzee mmoja mvuvi akapaza sauti, "Ngoja! Hilo ni langu. La pale pwani ninapovulia. Hukumu ilitoka?"

Karani akatazama. "Ilitoka zamani, mzee. Ulishinda."

"Nilishinda? Na miaka yote hii navua kwa shemeji yangu kwa kumbembeleza!" Hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili.

Karani akaendelea, safari hii polepole, kwa sauti ya kutaka kusikika hata nje. Lilipofika jina la baba mkwe wangu nilijikuta nimesimama kabla sijaamua.

"Mpaka uliwekwa wapi?" akaniuliza, kidole kimefunika maandishi.

"Kutoka kijito mpaka jiwe jeupe. Na shamba ni la nyumba yake, na la yeyote wa nyumba ile anayelilima."

Akasoma kimya, kisha akachovya kalamu kwenye wino. Alinakili kwa mkono, mstari kwa mstari, akagonga mhuri, akanipa kwa mikono miwili. Nilipotoka, wengine walikuwa tayari wamepanga mstari. Yule bibi wa mlangoni alitaka asomewe miaka miwili.

Kurudi sikuuona ugumu wa kupanda. Karatasi niliikunja ndani ya kitambaa nikaifunga kifuani, na mvua iliponikuta juu ya Mbaha niliinama juu yake kama nanyonyesha mtoto. Mama Samweli alinifungia usipa wa watoto.

Siku ya tisa nilikuwa Mbinga. Karani wa pale akaisoma hukumu yote, jina la mzee likiwemo, mbele ya Gaudensi. Mzee wa baraza akamuuliza kama ana la kusema. Gaudensi akatazama mhuri, akasema hana. Nililia mbele ya watu na sikuona haya. Shamba likabaki letu, na msimu ule nikachimba ngolo zangu pamoja na watoto wangu.

Nilijifunza nini? Nilidhani kitabu kile ni cha karani. Kumbe ndani yake tumo sisi, na tulikuwa tukiogopa kuuliza. Tangu hapo wanawake huja nyumbani kwangu, mjane huyu, binti yule, wananiuliza kwa kunong'ona nilimfanyia nini karani mpaka akafungua. Huwaambia sikufanya dawa. Ingia, amkia, kaa chini, kisha sema kwa sauti: nimekuja kusikia kilichoandikwa juu yetu. Na usiondoke.