Kengele ya Kilwa

Gauthier alikuwa na kipaji cha kugombana na vitu visivyo na masikio. Simu, betri na waya, vyote vilitukanwa katika kibanda chake cha ufundi sokoni Nchelenge, tangu alipotoka kambi ya wakimbizi ya Mantapala akamwoa Ireen. Lakini safari hii aliyemtia wazimu ni kompyuta yake mwenyewe.

Wenye mashua ndio walioomba kengele. Kisiwani Kilwa, kule katikati ya ziwa, simu hushika kwa kubahatisha, basi Gauthier akafunga kompyuta ndogo mbili, moja huku bandarini, nyingine kule, zizungumze kwa antena. Habari ya upepo mbaya ikija, anabonyeza huku, kengele inalia kule, mtu hapandi mashua.

Siku ile Ireen na mama yake, Thelma, walikuwa Kilwa kununua dagaa. Upepo ukatangazwa. Gauthier akabonyeza, kompyuta ikajibu: imetumwa. Akarudi kwenye kazi zake. Angeweza kujaribu simu pia. Hakujaribu, maana si imetumwa?

Kengele haikulia. Mashua ilifika Nchelenge imejaa maji, magunia yote yametupwa ziwani, Ireen anatetemeka hawezi kusema. Mama mkwe aliweza.

"Ulisemaka kengele italia. Ililia ku masikio ya nani?"

"Mama, machine ilinijibia asema imetuma."

"Machine! Mutoto wangu alikuwa anakufa mu maji, weye uko unaniambia machine!"

Gauthier akaifumua programu yake mstari kwa mstari, akiuma meno. Hakuona kosa, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Betri ya Kilwa ilikuwa imekufa ghafla, bila kuaga. Kwa kuwa haikuaga, kiini cha mfumo huku kikaendelea kuamini kwamba soketi, ule mlango wa kuzungumzia, bado iko wazi. Kikapokea onyo, kikaliweka mfukoni mwake, kikasema imetumwa. Kumbe maana yake ni "nimepokea mimi", basi. Na kitabu cha mafundi kinasema hivyo ndivyo kilivyopangwa! Nani mwenye akili timamu alipanga hivyo?

Akaenda kuomba msamaha kwa mama mkwe.

"Hodi, mama."

Kimya. Na mkwe havuki kizingiti bila kukaribishwa, hata mvua inyeshe. Akasimama juani, jasho likimtiririka.

"Hodi, mama!"

"Enda kuuliza machine yako," sauti ikatoka ndani, "kama nilikukaribisha."

Akaondoka amekasirika, akafika kibandani akiyawaza maneno hayo. Akaifundisha kompyuta kutosema imetumwa mpaka Kilwa yenyewe iitikie.

Upepo uliporudi, Ireen alikuwa kisiwani tena, akitafuta dagaa wa kufidia wale waliozama. Gauthier akabonyeza. Kompyuta ikangoja, kisha ikaandika: Kilwa haijajibu. Ile betri tena! Akaitukana na ukoo wake wote, akashika simu, akapiga, akapiga, mpaka mwenye duka mmoja kule akapokea na kukimbilia ufukweni na simu mkononi.

Jioni alisimama tena mlangoni kwa mama mkwe.

"Hodi, mama."

Sauti ikauliza kutoka ndani: "Ireen alibakia kule?"

"Alibakia, mama. Nilisikia sauti yake miye mwenyewe."

"Karibu," akasema Thelma.