Siku Mwalimu Luvanda Alipochelewa Semina

Usiku ule nililala mapema kwa sababu sikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu alasiri, na huku kwetu kwenye milima ya Njombe ukungu ukishuka kila mtu hujifungia kwake. Nyumba za walimu pale chuoni zimepangana bega kwa bega, lakini ukishafunga mlango unaweza kudhani umeachwa peke yako duniani. Nilikunywa chai, nikatoa jiko la mkaa nje, nikajifunika blanketi. Kesho yake ilikuwa semina, nami nilikuwa na jibu la kutoa ambalo sikutaka kulitoa.

Niieleze kwanza semina yenyewe, maana bila hiyo ndoto yangu haitaeleweka. Chuo chetu ni kidogo, cha maendeleo ya jamii, kina madarasa machache na ukumbi wenye bati linalopiga kelele mvua ikinyesha. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanafunzi, walimu na majirani hukaa ukumbini kujadili mabadiliko ya jamii: ardhi, mahari, vijana wanaokimbilia mjini, chochote kinachowakosesha watu usingizi. Aliyeianzisha ni Mwalimu Luvanda. Alinifundisha nikiwa mwanafunzi pale pale, kisha nikawa mwalimu mwenzake, na miaka yote hiyo aliniita mwanangu. Semina ikiisha alipita kwangu, tukanywa chai, tukabishana upya yale yaliyokwisha kubishaniwa. Sina mume, sina mtoto, na ndugu zangu wako mbali. Alipofariki nilibaki na chai yangu.

Nikaachiwa semina niiratibu, nami nikaitunza kama alivyoiacha. Kiti chake, kile chenye mto wa kitenge, kilibaki mbele na hakuna aliyethubutu kukikalia. Mjadala ukipamba moto mtu aliuliza, "Mwalimu Luvanda angesemaje?" na macho yote yakanigeukia. Mimi ndiye niliyemjua. Nilisema angesema hivi na hivi, watu wakaitikia kwa vichwa, na mjadala ukaishia hapo. Siwezi kusema uongo, nilizipenda sana dakika zile.

Tatizo likawa Jumamosi. Enzi zake gulio lilikuwa Jumatano. Baadaye likahamishiwa Jumamosi, na hakuna mkulima wa viazi atakayeacha gulio aje kusikiliza habari za mabadiliko ya jamii. Majirani wakapungua, kisha wakaisha. Neema, mwenyekiti wa wanafunzi, akaomba semina ihamie Jumatano mchana. Nikakataa. Akaomba tena, nikamwambia Jumamosi aliichagua Mwalimu, yakaishia hapo. Chuo kizima kinafundisha watu kubadilika, na chenyewe kimeshindwa kubadili siku. Ijumaa ile mkuu wa chuo alinisimamisha kwenye korido akaniambia kwa upole, "Dada Atu, ama siku ibadilike, ama semina tuifunge. Kesho utuambie." Nilijua kwa nini siwezi kukubali, ila sikuwa na uso wa kulisema. Siku ikibadilika, Mwalimu atakuwa amekufa kweli.

Basi nikalala na hilo kifuani.

Nikajikuta ukumbini, mchana kweupe, napanga viti. Kila kiti ninachokishika ni kile chake, chenye mto wa kitenge. Nakitoa mbele nakipeleka nyuma, nachukua kingine, nacho ni kile kile. Muda si muda ukumbi wote umejaa viti vya Mwalimu. Watu wanafika mlangoni wanachungulia. Nawaona akina mama wa kitongoji cha chini, nawaona wanafunzi wangu, namwona hata mkuu wa chuo na tai yake. Wanasema, "Samahani, kumbe pamejaa," wanageuka kwenda zao. Nawaita. Nawaambia karibuni jamani, humu hamna mtu, viti vyote ni vitupu. Wanazidi kuomba samahani. Ile adabu yao iliniuma kuliko kama wangenitukana.

Nikaanza semina peke yangu. Nasoma mada, nauliza swali, najibu mwenyewe, nashukuru kwa mchango. Sauti inapanda kwenye bati inanirudia. Sijawahi kujisikia mpweke namna ile, hata siku ya mazishi, maana siku ile angalau tulikuwa wengi.

Ndipo Mwalimu Luvanda akaingia, amechelewa. Enzi za uhai wake hakuwahi kuchelewa, na aliyechelewa alimsimamisha mlangoni aeleze sababu mbele ya watu. Amevaa lile koti lake la kahawia, viatu vimejaa matope, mkononi ana kikapu chenye kabichi. Sikuogopa. Nilikumbuka kwamba amekufa, lakini nilikumbuka kama mtu anavyokumbuka kwamba leo ni Alhamisi. Hata nilikasirika kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu. Umechelewa."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa gulioni. Watu wote wako kule."

Nikamwambia akae. Akauliza akae kipi. Nikamwambia chochote, vyote ni vyake. Akavitazama kimoja kimoja mpaka mstari wa mwisho, nami nasubiri afurahi. "Mtu mmoja, viti vyote hivi?" alisema. Miguu ilikuwa inamuuma, niliona jinsi anavyouhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, lakini hakukaa.

Niligeuka nimpe maji, na nilipogeuka tena ukumbi haupo. Tuko gulioni. Jua linawaka, viazi vimemwagwa kwenye maturubai, kuna harufu ya maandazi na ya vitunguu. Watu wamemzunguka Mama Edina, jirani yetu wa chuo aliyeacha kuja semina zamani, na wanabishana juu ya kukodisha mashamba kwa watu wa parachichi. Mzee mmoja anasema bora kukodisha, hela inaingia na jembe limetundikwa. Mama Edina anamwambia, "Eti limetundikwa. Na wajukuu wako watakula jembe?" Watu wanacheka, mzee naye anacheka, kisha wanarudi kubishana kwa hasira ya kweli, kwa sababu shamba la Mama Edina ndilo linalotakiwa na jibu anapaswa kulitoa.

Mwalimu amechuchumaa katikati yao, kikapu kati ya magoti, anasikiliza. Uso wake umefunguka kama wa mtoto aliyeletewa muwa. Nilikuwa nimeusahau uso huo. Miaka yote niliyomnukuu nilimkumbuka akisema, sikumkumbuka akisikiliza. Nikamgusa bega nikamnong'oneza, "Mwalimu, waambie." Akaniwekea kidole mdomoni.

Mama Edina ananigeukia. "Wewe mwalimu wa chuo, unaonaje? Nikodishe au nisikodishe?"

Nikafungua mdomo kama nilivyozoea. "Mwalimu Luvanda angesema," nikaanza, na sauti iliyotoka si yangu. Ni ya kwake, nzito, na kile kikohozi chake cha kusafisha koo.  Watu wananitazama kwa huruma, vile mtu anavyomtazama mgonjwa aliyeanza kuweweseka.

"Nimekuuliza wewe, mwalimu," anasema Mama Edina, na anarudi kwenye viazi vyake. Wengine nao wanageuka. Ukungu unateremka juu ya maturubai, unamchukua mzee, unamchukua Mama Edina, na zile kelele zote zinakwenda mbali. Nanyoosha mkono, sishiki kitu.

Kisha niko nyumbani kwangu, na kitandani kwangu amelala Mwalimu, amegeukia ukutani. Mimi nimekaa kwenye kigoda. Pumzi yake inaanza kutulia, usingizi unamchukua, mara nje mtu anaita, "Mwalimu Luvanda, Mwalimu Luvanda." Anaamka. Anatafuta viatu kwa miguu, anainama, anafunga kamba, anakwenda mlangoni. Hamna mtu. Anarudi, anavua viatu, analala. Hajafumba macho vizuri, anaitwa tena. Nilitaka kutoka nimfukuze huyo mtu asiye na haya. Nilipofika mlangoni nikaitambua ile sauti. Ilikuwa yangu.

"Kila mwezi," alisema Mwalimu. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mkononi. "Naamka, navaa, nafika. Nikifika nakuta umeshanisemea."

Nikakaa chini, nikalia vile ambavyo sikulia hata siku ya mazishi. Nikamwambia yale ambayo sikumwambia mkuu wa chuo wala Neema wala mtu yeyote. "Nikiacha kukuita, nitabaki na nani?"

Hakunibembeleza. Hakuwa mtu wa kubembeleza, na kifo hakikumbadilisha. "Utabaki na waliokuuliza," alisema. "Wakitaka kujua ningesemaje, waambie hujui."

"Lakini najua, Mwalimu."

"Hujui, mwanangu. Hata mimi nilikuwa sijui mpaka niwasikie kwanza."

Akakiweka kiatu chini, akageukia ukutani. Safari hii hakuna aliyeita. Nilisikia pumzi yake ikizama, ikarefuka, ikatulia. Blanketi lilikuwa limemtoka begani na nilitamani kumfunika, nikaogopa nitamwamsha. Nikabaki pale kwenye kigoda, mikono mapajani, namlinda asiamshwe, na nilijua kwamba hatazungumza nami tena. Niliumia. Sikumwita.

Nilipofumbua macho kulikuwa kumekucha na mto wangu ulikuwa umelowa. Ukungu umeinuka. Barabarani watu walikuwa wanateremka kwenda gulioni na mizigo yao, wanataniana, mtu anamkumbusha mwenzake kichekesho cha wiki iliyopita. Nililala nikiwasikiliza. Niligundua kwamba kila Jumamosi ya semina hupita pale pale chini ya dirisha langu, nami huwa nimeshaenda ukumbini kupanga viti.

Hodi ya Neema ndiyo iliyonitoa kitandani. Alikuwa amekuja kuchukua ufunguo wa ukumbi. Alisimama nje, mikono ameificha kwenye mikono ya sweta, ananisubiri bila kuuliza kitu. Nadhani alikuwa ameshachoka kuuliza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ufunguo uache, Neema. Semina tunaihamishia Jumatano. Leo twende gulioni tukawaambie watu, na tukimwona Mama Edina nina jambo la kuzungumza naye."

Alinitazama kama aliyeambiwa mlima umesogea. Badala ya kufurahi akaingiwa na wasiwasi, akapunguza sauti. "Lakini Mwalimu, Mwalimu Luvanda angekubali kweli?"

Hakuwa na nia mbaya. Aliuliza vile nilivyomfundisha mwenyewe kuuliza. Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi, zuri, limenyooka, na lingemtuliza. Nikalimeza. 

"Sijui, Neema. Mwalimu alishafariki. Ila mimi ndivyo ninavyoona."