Faili Jekundu

Mama hakupenda kupigwa picha. Alipofariki tulibaki na ile ya kitambulisho tu, amekunja uso kana kwamba mpiga picha amemkanyaga mguu. Mimi nilitaka uso wake akicheka, na nilijua uko wapi: ndani ya faili moja kwenye kompyuta yangu, kisiwani Nosy Be.

Lilikuwa la harusi ya dada yangu kule Dzamandzar, miezi michache kabla ya msiba. Siku ya ngoma ya wanawake mwanamume haingii, basi niliiweka kamera ya video juu ya kabati, nikaitega ijiwashe na kujizima yenyewe, nikatoka zangu. Nilijiona mjanja kweli.

Mafaili ya siku nyingine za harusi kompyuta iliyafungua kwa shida, picha zikirukaruka. Hili moja lilinionyesha wekundu mtupu, bila sauti. Wekundu wenyewe ulikuwa ukipauka na kukolea, kama unapofumba macho juani. Nikabadili programu, nikabadili kompyuta, wekundu ule ule. Niliutazama hadi nikaanza kuuota: mama yuko ng'ambo yake, nami sipati mlango. Mke wangu akaniambia sasa basi. Nikamfokea, na mpaka leo naona haya.

Mwishowe nikalinakili kwenye diski, nikavuka bahari hadi Antsahampano, nikashika njia ya Mahajanga, kwa fundi anayegeuza mafaili yakubalike na kila mashine. Alinirudishia diski akisema sauti imepatikana, picha ndiyo hiyo hiyo. Nikamwambia hajui kazi.

Nilikuwa nimefikia kwa mama mdogo, mtaa wa Antanimasaja hapo hapo mjini. Akaitia diski kwenye deki yake. Ngoma zikaanza, vigelegele, na wekundu ukajaa kioo chote cha televisheni. Mama mdogo akatazama kidogo, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"We mtoto!" akasema kwa Kikomoro chake. "Hiyo si lambahoany yangu? Tulikuwa vichwa wazi, tunacheza. Mama yako alinivua begani, akaifunika mashine yako."

Lambahoany ndiyo kanga yetu huku. Miaka miwili nilikuwa natibu picha isiyoumwa. Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Langu lililala njaa miaka yote hiyo, jicho likishindana na kitambaa. Nilikasirika. Nikataka kuizima.

Ndipo sauti ya mama ikaja, karibu kabisa na kamera, inahema kwa kucheza na inacheka: "Tutaifunua kabla mwanangu hajaja. Na akija asiambiwe kitu. Mpeni ale kwanza."

Nikakumbuka. Nilipoifuata kamera siku ile, mtu alinitolea mlangoni sahani ya wali wa nazi, imefunikwa, bado ya moto. Nilikula nimesimama, nina haraka ya kwenda kuiona video yangu. Sikuuliza ni nani aliyeniwekea.