Nilikaanga mbegu za mama nikala, shamba likatuzalia boga lenye tambi ndani

Wakuu, habari za majukumu.

Hiki ninachoandika sijakiongezea chumvi. Chumvi yote niliimalizia kwenye kikaango, na ndiyo iliyoniponza, mtaona wenyewe.

Mimi ni fundi simu, niko Kinyangiri, Mkalama. Nina miaka thelathini na sita, sijaoa (msianze), naishi na mama yangu mzazi. Baba alishafariki. Nyumbani tupo wawili tu, kuku, na ng'ombe watatu.

Mwaka jana kabla ya mvua mama aliteguka kifundo cha mguu. Ikabidi mimi niingie jikoni. Kwetu mwanaume kuingia jikoni ni habari ya kijiji kizima, nilitaniwa mpaka nikazoea.

Sasa siku moja mchana niko nasubiri wateja, njaa inauma, nikaona kwenye shubaka la jikoni kopo la maziwa ya unga. Nafungua, mbegu za maboga! Kavu, safi, zimepangwa vizuri na majivu kidogo juu.

Wakuu, nikazipepeta, nikazikaanga na chumvi. Nilikula huku nafungua simu za watu, nikamaliza kopo zima. Tamu hatari.

Mvua ya kwanza ilipopiga, mama akaniita.

"Baba, mguu bado. Mwaka huu utanipandia wewe pale zizi la zamani. Mbegu ziko kwenye kopo jikoni."

Nikatupia jicho kikaango. Mbegu zile si mbegu tu. Mama kwao ni Misigiri. Alipoolewa alikuja nazo, alipewa na mama yake, na kila mwaka amekuwa akizipanda na kuzirudisha kwenye kopo. Boga lake ni la kijani lenye mabaka, kavu, la unga. Ukilila na maziwa hutaki kitu kingine mpaka kesho yake.

Mwanaume kamili angesema ukweli palepale. Mimi nikaitikia, "Sawa mama."

Nikakimbilia mnadani. Nikamkuta mama mmoja anauza mbegu za mboga kwenye vifuko. Nikamuuliza za boga, akanipa, akasema, "Hizi za kisasa, utanikumbuka." Sikuuliza kitu kingine. Nikapanda pale kwenye zizi la zamani, penye mbolea, nikamwambia mama tayari.

Majani yakatoka, yakatambaa, maua yakaja. Nikajipongeza kwamba msala umepita.

Halafu matunda yakaanza kukomaa. Marefu kama mayai makubwa. Manjano!

Mama akaja kwa fimbo yake, akaligusa moja kwa ncha yake.

"Mbona manjano?"

Nikamjibu, "Labda ni mvua ya mwaka huu, mama."

Wakuu, mvua ya manjano mmeshaiona wapi? Lakini aliniamini, na hapo ndipo uongo wangu ulipoota mizizi.

Tukavuna la kwanza. Gumu hilo, kisu kiligoma, nikatumia panga. Nikakata vipande na maganda yake, nikatoa mbegu na utumbo wa katikati kama tunavyofanya siku zote, nikainjika.

Lilipoiva nikafunua sufuria. Nyuzi! Kila kipande kimejaa nyuzi.

Nikajua sijatoa utumbo vizuri. Nikachukua kijiko nikaanza kukomba. Nakomba, chini yake nyuzi. Nakomba tena, nyuzi. Nilikomba mpaka nikafika kwenye ganda. Sufuria nzima ikawa maganda matupu, na ndoo imejaa "utumbo".

Nikamwagia kuku. Kuku wakawa wanakimbizana uwanjani kila mmoja na uzi mdomoni, mama anaangalia tu kutoka kwenye kigoda chake. Siku hiyo tulikula ugali na mlenda.

La pili nilimenya kabisa, nikakatakata vidogo, nikachemsha na maji mengi. Likawa uji wenye nywele. Nikajaribu kuchanganya na mlenda nione. Msijaribu! Ukiinua tonge, mlenda unakufuata, na nyuzi zinaufuata mlenda, unakula mkono uko juu kama mtu anayeapishwa.

Mama akasema, "Mbegu zangu zimeharibika." Akageukia ukutani. Sikulala vizuri wiki ile.

Nikaona hapa lazima nijue hiki kitu ni nini. Nikapiga picha, nikaingia mtandaoni. Kumbe wenzetu wanaliita spaghetti squash. Nikacheka peke yangu. Boga la tambi! Zile nyuzi nilizowapa kuku ndizo chakula chenyewe.

Nikarudi jikoni na nguvu mpya. Wenzetu wanachoma kwenye oven, mimi nina mafiga. Nikalifukia zima kwenye majivu ya moto kama tunavyochoma viazi.

Sikujua kwamba linatakiwa kutobolewa kwanza.

Lilipasuka puu! Majivu mpaka kwenye dari. Mama huko nje akaita, "Yesu wangu!" Nilitoka mweupe kama nimepakwa chokaa, na mama, kwa mara ya kwanza tangu mavuno, akacheka hadi akashika ubavu.

Lililofuata nililitoboa kila upande kwa bisibisi ya kazini (niliiosha, tulieni). Majivu ya moto, makaa kidogo juu, nikawa naligeuza. Ganda likawa jeusi, likaanza kubonyea. Nikalipasua kwa urefu, nikapitisha uma.

Zikaja tambi. Fupifupi, lakini tambi kweli, zina harufu ya moshi, zina utamu wa mbali.

Mama akaja karibu. Mama anasuka vikapu, tangu nikiwa mdogo namuona na ukindu mikononi. Akainama, akaangalia ndani ya lile boga kama anavyokagua kazi ya mtu mwingine. Akapitisha kidole.

"Hizi zimezunguka," akasema. "Hazikwenda kwa urefu, zimezunguka kiuno. Wewe umezikata katikati. Lete jingine, likate kiunoni."

Nikatoboa jingine, nikalikata kiunoni, likawa mabakuli mawili. Nikatoa mbegu, nikayafunika kifudifudi kwenye sufuria yenye maji kidogo chini, nikafunika kwa mfuniko na kuweka jiwe juu. Mvuke tu. Uma ukizama kwenye nyama bila kusukumwa, toa.

Tukasubiri lipoe kidogo. Mama akachukua uma mwenyewe, akauzungusha pembeni ya ganda.

Wakuu, sijui niwaelezeje.

Uzi ulianza kutoka. Mrefu. Anazungusha, unakuja. Wa pili, wa tatu, zinafumuka duara kwa duara, laini, zinang'aa kama zimepakwa samli. Rundo likainuka kwenye sahani na ganda likabaki tupu, safi. Hakuna kiwanda hapo, hakuna mashine. Ni mbolea ya ng'ombe na mvua ya Mkalama.

Mama aliweka mkono mdomoni. Mimi mwenyewe nywele zilinisimama, na nilikuwa nimeshaona video!

"Nani amesokota humu ndani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

 

Nikaziacha zichuje maji kwenye ungo, maana ukizikaanga na maji yake zinalainika vibaya. Nikaweka mafuta ya alizeti kwenye kikaango, vitunguu vyetu vya Singida viwili, nyanya, chumvi, nikazitupia zile tambi mwishoni kabisa na kuzigeuza mara chache. Juu nikanyunyiza karanga za kusaga. Pembeni mchuzi wa kuku wa kienyeji.

Tulikula. Mama aliongeza mara mbili.

Siku ya pili yake tulifanya za sukari, kama tambi za sikukuu kwa majirani zetu Waislamu: samli, sukari kidogo, iliki, maziwa ya ng'ombe wetu. Hizo ndizo mama alizipenda zaidi. Alikuwa anainua uma, anaziangalia kwanza, ndiyo anakula.

Halafu akasema maneno yaliyonimaliza.

"Unajua nilifikiri zimeharibika. Kumbe Mungu amezigeuza. Mbegu za mama yangu, miaka yote hii, leo Mungu amezigeuza. Jumapili ya mavuno nitalibeba kanisani, nitasimama niseme."

Hiyo ilikuwa Jumatano.

Wakuu, nilipata shida. Kumuona mama yangu na furaha ile, uso umekuwa wa msichana, halafu nijue kwamba muujiza wake nimeununua mnadani kwenye kifuko! Nikisema, namvunja. Nisiposema, mama yangu anasimama mbele ya madhabahu kusema uongo asioujua, na uongo wenyewe ni wangu.

Alhamisi nikameza. Ijumaa nikameza. Jumamosi asubuhi akaanza kulipaka mafuta lile boga kubwa kuliko yote, analing'arisha kwa kitambaa. Nikashindwa.

Nikapiga goti. "Mama, hizi si mbegu za bibi."

Akaendelea kung'arisha.

"Za bibi nilizikaanga mwaka jana. Nikazila. Sikujua. Hizi nilinunua mnadani."

Kitambaa kikasimama.

"Zote?"

"Zote, mama."

"Na chumvi?"

"Na chumvi."

Nilitegemea anipige na ile fimbo. Ningefurahi angenipiga. Badala yake alikaa chini taratibu, akaliweka boga mapajani.

"Mama yangu sina hata picha yake," akasema. "Nilikuwa nikilipasua boga lile namuona."

Akalia. Mama yangu hakulia hivyo hata msibani kwa baba. Nilikuwa nimepiga goti pale chini, sina pa kuweka mikono.

Siku nzima hakunisemesha. Niliandaa chakula akala, akarudisha sahani.

Jumapili asubuhi akatoka amevaa kitenge chake cha kanisani. "Beba hilo boga," akasema. Basi.

Zamu yake ilipofika akasimama mbele na fimbo, mimi pembeni nimekumbatia boga kama mtoto wa ubatizo.

"Nilitaka kuja kuwaambia muujiza wa mbegu zangu," alisema. "Si mbegu zangu. Hizi ni za mnadani. Zangu, za marehemu mama, mwanangu huyu hapa alizikaanga akala."

Kanisa zima likacheka. Mama hakucheka.

"Lakini atakayeondoka na hili alipike aone ndani. Aliyesokota ni Mungu, mbegu iwe yangu au isiwe yangu. Kwa hilo nashukuru. Na la pili, kama kuna mama ambaye siku za nyuma nilimpa mbegu, naomba anirudishie hata tatu."

Kicheko kikakatika. Nikaona kina mama wanatazamana.

Nilikuwa sijui, wakuu. Mimi nilidhani mbegu zile zilikuwa kopo moja duniani. Kumbe mama alikuwa anagawa. Binti akiolewa, anampa. Mgeni akija akalisifu boga, anaondoka na mbegu kwenye pindo la khanga.

Jumatatu walianza kuja. Wa kwanza alileta amefunga kwenye leso. Mwingine kwenye karatasi ya daftari. Bibi mmoja alitembea kutoka mwisho wa kijiji, akatoa mbegu saba tu kwenye kifuko cha sukari, akasema zimebaki hizo, nyingine zimeliwa na panya. Nilimpokea kwa shikamoo zangu zote.

Mama akazimwaga kwenye ungo, akaanza kuchambua moja moja. "Hizi zimechanganyika na za watu. Hii hapana. Hii hapana." Mimi naona mbegu tu, zote nyeupe, zote sawa.

Alipofika kwenye zile saba za yule bibi wa mwisho wa kijiji, akashika moja. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wake. Akainusa.

Akaiweka katikati ya kiganja, akainamisha kichwa, akaisalimia kwa Kinyiramba. Kwa Kiswahili ni shikamoo, mama.

Wakuu, nilitoka nje nikajifanya natafuta kuku.

Nilichojifunza ni kingi, ila nitasema machache. Boga la tambi litobolewe kabla halijaona moto. Likatwe kiunoni, si kwa urefu. Mvuke ni bora kuliko maji mengi, majivu ni bora kuliko vyote kama unapenda harufu ya moshi. Chuja kabla ya kukaanga. Na ukweli nao usiukalie mpaka uanze kuota, maana utakayemuumiza ni yule anayekuamini.

Mwaka huu mvua zikija tunapanda sehemu mbili, za bibi zizi la zamani, za tambi ng'ambo ya pili. Za bibi mama amesema atapanda kwa mkono wake, mimi nichimbe mashimo tu na nisiziguse.

Sasa nawaachia uwanja. Aliyewahi kulipika hili boga kwa namna nyingine atupe mapishi, hasa mwenye wazo la kulila na dagaa. Na aliyewahi kula mbegu za mama yake naye ajitokeze, nisiwe peke yangu humu.