Moyo Gani?

Duka alimouza dawa Dolphine Nabangala lilikuwa Mengo, chini kidogo ya ukuta wa Lubiri, kasri la mfalme, dogo kiasi kwamba wateja watatu wakiingia, wa nne alisubiri nje. Alitoka Bungoma mwaka 1989 akiwa na cheti cha uuguzi na ulimi mkali, na vyote viwili alivitumia kila siku. Ukimwomba vidonge vya moyo bila kumwonyesha kopo la zamani, alikukatalia. Ukinuna, alikuongezea swali la pili. Watu walimsema kwamba anajifanya daktari, lakini walirudi.

Mwaka wake wa tano pale, siku moja saa sita mchana, aliingia Acen, mke wa Okwir, sajini mstaafu wa polisi kutoka Lira. Alitaka vidonge vya kuzuia kutapika. Mumewe, alisema, siku ya tatu hii hali kitu, akijaribu, kinarudi.

Dolphine alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye rafu. Dawa ile aliijua vizuri: huamsha tumbo lisukume chakula chini, na kule kichwani huzima kengele inayomwamuru mtu atapike. Ni dawa nzuri, ila haiulizi kengele imelizwa na nini. Akaushusha mkono.

Alikumbuka kwamba Okwir ana kidonge chake cha moyo, kidogo tu, kimoja kila asubuhi, cha kuupa moyo uliochoka nguvu ya kusukuma damu na kuupunguzia mbio. Akamwuliza Acen anampaje.

"Zamani nampa moja," Acen akasema. "Sasa tatu. Mzee nasema moyo nachafuka, basi mimi naongeza dawa ya moyo."

Dolphine akaelewa kosa lilipo. Okwir alijifunza Kiswahili katika kambi za polisi, na huko, kama kwetu sote, mwenye kichefuchefu husema moyo unamchafuka. Analolisemea ni tumbo. Acen, ambaye Kiswahili alikiokota sokoni, alisikia moyo akatibu moyo. Siku ya kwanza huenda ilikuwa samaki mbovu tu. Lakini dawa ile ikizidi mwilini, dalili yake ya mapema ndiyo hiyo hiyo: chakula hakishuki, mtu anatapika. Okwir alilalamika, akaongezewa. Akaongezewa, akalalamika zaidi. Maskini Acen alikuwa anamuua mumewe kwa kumpenda.

Akamwuliza kuhusu macho. Acen akasema ajabu ni kwamba shuka nyeupe mzee anaiita ya manjano. Hiyo nayo ni dalili ya dawa ile ikizidi.

Dolphine akafunga duka mchana kweupe. Wateja wawili waliong'aka aliwaambia waende kwingine. Alimkuta Okwir amelala chumbani kwao, nyuma ya soko, akamshika kifundo cha mkono huku macho yakiwa kwenye saa. Mapigo arobaini na mawili kwa dakika, wakati ya mtu mzima hayatakiwi kupungua sitini. Wakakodi teksi hadi hospitali ya Mulago, na njia nzima hakuuachia mkono ule.

Acen alikuwa analia bila sauti. Aliuliza kama ni yeye aliyefanya hivi, na kama daktari lazima ajue. Dolphine, pamoja na ulimi wake wote, safari hii aliyapima maneno.

"Ulimsikia mume wako, dada, ukafanya kitu. Sasa mpe daktari hilo kopo, umwambie tatu. Usiseme moja."

Acen alisema tatu. Aliisema amesimama wima, mbele ya wauguzi, na mimi kwa hilo namvulia kofia. Dawa ikasimamishwa, moyo ukalindwa siku kadhaa wakati figo zikiitoa taratibu, kisha Okwir akarudishiwa kidonge kile kile, kimoja kila asubuhi.

Wiki tatu baadaye alikuja dukani na mkewe, shati limepigwa pasi. Hakununua kitu. Aliweka mkono juu ya kaunta, kiganja juu. Dolphine akahesabu dakika nzima. Sitini na nane. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

Nyuma yao mwanamke mmoja alikuwa amechoka kusubiri. Akasema anataka dawa ya mama yake, moyo unamchafuka. Kabla Dolphine hajafungua mdomo, Acen alikwisha kumgeukia yule mwanamke, mikono kiunoni.

"Moyo gani?"