Korosho na Kokoto katika Kopo la Mwanaisha

Nilitoka nyumbani Kiegei kwa sababu ya tumbo la mjukuu wangu Mwanaisha. Alizaliwa hana njia ya haja kubwa, akafanyiwa operesheni Dar es Salaam. Sasa ana miaka sita. Dokta Rehema wa kliniki ya Ruangwa alitaka utumbo wake upimwe kwa ultrasaundi. Ukiwa umetanuka tena, turudi Dar kwa kisu kingine. Ukiwa umenywea, Januari aanze darasa la kwanza.

Jumatatu alfajiri Selemani Nambunga alitupakia kwenye bodaboda yake hadi Nachingwea mjini. Kopo langu la maziwa nilikuwa nimelikumbatia.

"Bibi, unapeleka sokoni korosho kopo moja?"

"Tazama njia, wewe."

Kopo lile ndilo daftari langu. Nesi Pili wa kliniki alinipa daftari niandike siku mtoto akipata choo, nami shule niliishia darasa la pili. Kila jioni namwingizia maji kwa nyuma kumsafisha tumbo. Basi tangu kliniki iliyopita, akipata choo natia korosho, asipopata natia kokoto.

Mjini tukapanda basi, likatufikisha Ruangwa adhuhuri, tukaenda kulala Likunja kwa mdogo wangu Somoe. Akanionya, "Dada, kesho mkojoze kwanza. Asije kukuaibisha kwenye kitanda cha watu."

Jumanne asubuhi, kabla hatujaitwa, nikamkojoza. Dokta akampaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kifaa cha kupimia, akasimama.

"Bibi, huyu amekojoa?"

"Hakubakiza hata tone," nikasema, kifua mbele.

Akacheka. "Kibofu kikijaa ndilo dirisha langu, naona utumbo ulioko nyuma yake. Sasa umenifungia dirisha."

"Ni maneno ya Somoe hayo."

"Msalimie Somoe. Mwambie katuchelewesha."

Tukakaa kwenye benchi, Mwanaisha akinywa maji. Baadaye akaanza kubana miguu. "Bibi, nikitembea nitamwaga." Nikambeba, na uzee wangu huu.

Safari hii dokta aliuliza kwanza, "Siku ngapi hakupata choo?" Nikamimina kopo mezani. Korosho lundo, kokoto nne.

"Nne hizi za lini?"

"Mbili, msiba wa Zaituni Mkwaya, nilikesha huko sikumsafisha tumbo kwa maji. Moja, harusi ya Jafari Chilumba. Hii ya mwisho, alikula maembe mabichi ya Asha Chiwaya."

Dokta akapitisha kifaa, akapima, akapima tena. Kisha akanigeuzia kioo cha mashine. "Utumbo ndio huu, mwembamba kama tunavyotaka. Picha na kopo lako vinasema jambo moja. Aende shule. Maji ya kila jioni usiache, na Juni mrudi nipime tena."

Nesi Pili akamwita mama mmoja wa Nanganga, Fatuma, ambaye mwanawe alifanyiwa operesheni kama ile. "Bibi, mwelekeze huyu hesabu ya kopo." Nikamwelekeza, nikampa korosho za kuanzia. Nilikuwa nikidhani kazi yangu ni kumleta mtoto tu. Kumbe nilikuja na nusu ya kipimo mkononi.

Jumatano tukarudi, Selemani akatupokea Nachingwea. "Bibi, korosho zimepata mnunuzi?"

"Dokta amezisoma zote."

Jioni nilimsafisha tumbo, akapata choo. Nikanyoosha mkono nichukue korosho, Mwanaisha akanizuia.

"Mimi naanza shule, Bibi. Natia mwenyewe."